Udongo wa Kukanyaga

Mwalimu aliposema, "Mama, si ni msumari tu," subira yangu ikaisha. Binti yangu alidungwa mguu shuleni, hapa Mugutha, yeye na wenzake wakikanyaga udongo wa kukandika nyumba ya msonge, waone vile watu wa zamani walijenga.

Udongo ule ulinuka mavi ya ng'ombe. Nilipokuwa mdogo, kwa cucu, nyanya yangu, kule Ngoliba, ulinuka hivyo hivyo. Alipiga magoti, akauchambua wote kwa vidole, akitupa miiba na vipande vya chupa. Mimi nilikuwa na haraka ya kuingia, akanikemea:

"Ngoja, wewe! Mguu wako utaingia, mkono wangu ukishatoka."

Nilimwandikia mwalimu mkuu: "Udongo ulitoka kwa mjengo, mahali pa misumari. Nauliza ni mtu mzima gani alitangulia kuingiza mkono wake."