Nimekuzwa kuua mjusi kafiri, sasa namnywesha maji kwa kidole

Wakuu, salaam kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Ilikuwa mwaka ule mafuta ya kupikia yalipopanda, Kampala nzima tukala muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi kila asubuhi, mpaka watoto wakauliza kama chapati zimekufa. Namba ya mwaka tafuteni wenyewe. Mimi shule niliacha darasa la pili, mwaka naukumbuka kwa tumbo.

Ninachoandika ni kweli tupu. Kama naongopa, mkono uliofanya kazi nitakayowasimulia ukauke. Kiswahili yangu ni ya Kampala, mkitaka kucheka chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Mimi ni Mnubi. Babu yangu alikuja huku na jeshi kutoka Sudan, na nyumbani kwetu mjusi kafiri hakuwa na maisha. Mama alitufundisha tukiwa wadogo: huyu ndiye aliyepuliza moto ili Nabii Ibrahimu aungue. Ukimuua kwa pigo moja, thawabu nyingi. Kwa mawili, zinapungua.

Mimi nilikuwa wa pigo moja. Mtaa wote walijua. Wanawake wazima walikuwa wananiita nije na ndala yangu.

Sasa nina mjukuu, Sauda. Mama yake anafanya kazi Uarabuni, mtoto nimemlea mimi. Ana miaka kumi na miwili na akili mpaka inaniudhi. Huyo, katika vitu vyote alivyoumba Mungu, akapenda mjusi kafiri! Akamfuga kwenye boksi la plastiki lenye matundu, akampa jina Afande, eti analinda nyumba na mbu.

Nilipiga kelele wiki nzima. Halafu nikazoea, kama unavyozoea mkwe mbaya.

Shule zilipofunguliwa Sauda akaenda bodingi. Kabla ya kupanda boda akanishika mikono yote miwili. Jaja ananiita, yaani bibi.

"Jaja, Afande nakuachia amana. Nzi wawili asubuhi, na maji matone tu."

Amana. Mtoto alijua neno la kunifunga. Angesema "tafadhali" ningesahau kesho yake.

Alhamisi moja, wiki tatu kabla ya siku ya visiting, ile ya kutembelea watoto bodingi, niko jikoni namenya muhogo. Afande nimeshampa nzi wake. Nageuka, naona mjusi ukutani, juu kidogo ya sufuria.

Wakuu, sikufikiri. Mkono ulitangulia. Ndala ilitoka mguuni ikafika ukutani kabla kichwa hakijauliza huyu ni nani.

Pigo moja.

Mkia ukaanguka huku, unacheza peke yake kama una hasira. Mwenyewe akaanguka kule, kwenye maganda. Nikasema alhamdulillahi. Kweli nilisema.

Halafu nikaona boksi. Kifuniko kiko wazi. Nilikifungua mimi, nikasahau kukirudisha.

Nilikaa chini pale pale. Nimepata thawabu au nimevunja amana ya mtoto? Mpaka leo sijui. Sheikh sijamuuliza, naogopa majibu yote mawili.

Nikachungulia. Alikuwa anapumua. Mguu wa nyuma unaning'inia, ngozi ya mgongo imechanika kama karatasi ya sigara. Na macho. Mjusi huyu hana kope, wakuu. Hafumbi. Anakuangalia tu.

Mama Atieno akaingia. Huyu ni jirani yangu, Mkenya, anauza mitumba soko la Owino, mtu wa kanisa, mdomo kama redio. Alisikia kishindo cha ndala.

"Hajati, umeua nyoka?" Hajati ananiita yeye, Makka sijafika.

"Nimempiga Afande."

"Woi! Afande wa Sauda?" Alicheka mpaka akashika mlango. Akaona uso wangu, akaacha. "Sasa unahangaika nini? Ukuta wa choo umejaa hawa. Nakushikia mmoja mnene, mkia wake safi, tunamweka ndani ya boksi. Mtoto atajulia wapi?"

Nisiwadanganye, wazo lilikuwa tamu. Nimezaa watoto saba na sijawahi kumwomba mtoto msamaha, hata mmoja. Leo nimwombe mjukuu, kwa ajili ya mjusi?

Lakini mdomo nao ukafanya kama mkono, ukatangulia.

"Sitaki mwingine. Niliachiwa huyu."

Nikamlaza kwenye bakuli juu ya kitambaa safi, nikafunika kwa tabaga, ule mfuniko wa chakula tunaosuka sisi Wanubi. Nikapanda boda mpaka Kalerwe kwa daktari wa mifugo. Mwenye boda ananiuliza, "Jaja, hizo sambusa?"

"Mgonjwa. Kwenye mashimo pita polepole."

Pale nilikuta mama na kuku wake, na mzee na mbuzi. Mbuzi alikohoa, watu wakampa pole. Mimi nilipofunua bakuli, mama wa kuku akahama benchi.

Daktari akasema, "Jaja, mimi natibu ng'ombe."

"Basi huyu ni mdogo, hatakuchosha."

Akavaa miwani. Kazi aliifanya, namshukuru. Akasema mkia si kitu, mjusi anaudondosha mwenyewe akimkimbia adui, na utaota tena. Adui alikuwa mbele yake, ameshika bakuli.

Jeraha akalisafisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi kidogo sana. Akapaka ile dawa ya kidonda ya kahawia, ameizimua mpaka ikawa kama chai ya rangi. Akaniambia alale kwenye karatasi safi, si udongo. Apate joto, asiwekwe juani. Asishikwe ovyo. Nisimpe dawa ya watu hata chembe. Na sisimizi wasimfikie, watamla akiwa hai.

Mguu ukamshinda. Hana kifaa kidogo hivyo. Akasema kwa upole, "Jaja, labda tumpumzishe tu."

Nikamwambia amshike kwa vidole viwili, mguu aniachie mimi. Nasuka tangu nina miaka sita. Nilichomoa unyasi kwenye tabaga, nikaupasua, nikauegemeza kwenye mguu, nikafunga kwa plasta nyembamba kama uzi. Mkono uleule wa ndala.

Nilipomaliza ndipo nikagundua nilianza kwa bismillah. Kwa mjusi kafiri! Sikujua niirudishe vipi.

Siku tatu hakula. Namlowesha mdomo kwa kidole, naye analamba, nami namtukana. "Kula, kafiri wewe, unataka kuniaibisha." Siku ya nne Mama Atieno akaleta kumbikumbi kwenye karatasi, amewatoa mabawa. Afande akameza mmoja. Tulipiga vigelegele wawili sisi, watu wazima.

Somo nililopata naliweka hapa, maana mwisho ni wa Sauda: mkono uliozoea kupiga usiuamini, hata kama ni wako. Na mgonjwa ni mgonjwa, jina lake utauliza baadaye. Wenye elimu ya dini na wenye elimu ya wanyama, gombaneni hapo chini, nitasoma na miwani. Ila asiniambie mtu nimtupe.

Siku ya visiting nilibeba boksi ndani ya mfuko wa chapati. Nikamwambia Sauda kabla hajakaa.

"Ni mimi. Nilimpiga kwa ndala. Nisamehe."

Neno hilo lilitoka kama jino.

Akalia kwanza. Akamtazama Afande, kikonyo cha mkia, mguu mkavu kama kijiti. Akagusa ile plasta.

"Jaja, ulimfunga mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Jaja, najua humpendi. Mwalimu wa sayansi atakubali akae hapa shuleni. Na wewe, mama akirudi, atakununulia paka. Paka unampenda."

Ni kweli, paka nampenda.

Nikafunga kifuniko. Nikakijaribu mara mbili. Nikarudisha boksi kwenye mfuko wangu.

"Sitaki mwingine. Niliachiwa huyu."