Vijiti vya Wageni

Tangu gesi igunduliwe, mgahawa mmoja hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, umewawekea wageni kutoka Asia vijiti vya mbao vya kulia wali. Juzi, nikiwa humo, mhudumu alivitoa mezani kwa mgeni aliyemaliza kula, akavifuta kwa aproni na kuvirudisha koponi.

"Mwanangu, hivyo vimetoka mdomoni mwa mtu," alisema mama mmoja aliyekuwa akila meza ya jirani, muuza samaki kutoka kijiji cha Olumbi.

"Vinakuhusu nini, mama? Wewe unakula kwa mkono."

"Mkono wangu nimeunawa."

Mhudumu akacheka. Mama akaacha wali wake ukipoa, akaenda jikoni na kopo lile, akaviosha vijiti vyote kwa maji moto na sabuni, akavikausha kwa kitambaa safi.

Mgeni aliyefuata alimsifu mhudumu kwa usafi.

"Obrigado," akashukuru mhudumu kwa Kireno, bila hata kumtazama yule mama. Mpaka leo hasira yangu haijapoa.