Bakuli la Mnarani

La, mjukuu wangu, tumbili hawanichekeshi. Juzi kule ufukweni Galu mmoja alimpokonya mzungu mkate, mzungu akalia "Oo! Oo!" kama jogoo aliyekabwa. Mimi nikakumbuka makaburi ya kale ya Msambweni.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alinichukua huko alasiri moja kumzuru mama. Palinukia ubani na majani mabichi. Kaburi la mama lilikuwa la udongo tu, lakini kando yake palisimama mnara wa mawe wa watu wa zamani, umepachikwa mabakuli ya kaure. Leo najua yalikuwa mapambo. Siku ile nilijua ni vyombo vya maiti. Kufa nilikuwa sijakuelewa. Nilidhani mtu hukaa huko chini na njaa yake.

Bibi alipofumba macho kuomba dua, kwa ile sauti yake ya puani, "Yaa Rabbi, yaa Rabbi," nikaweka mkate wangu wa kumimina ndani ya bakuli la chini. Mama alikuwa akiupenda.

Majani yakachakarika. Mkono mweusi, mwembamba, ukatoka nyuma ya mnara ukauchukua.

"Bibi! Mama amepokea!"

Bibi akafumbua macho, akatazama juu ya mti uliokuwa nyuma ya mnara.

"Yule ni tumbili. Mamako amekufa, hali chakula tena."