Damu Yangu ya Ziwa

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu akishatiwa serumu, yale maji ya hospitali yanayopitishwa mshipani, zaidi ya chupa kumi, damu yake inageuka kuwa maji ya ziwa: ziwa likichafuka, naye anachafuka. Habari hiyo nilipewa na mzee mmoja wa reli tuliyelala naye vitanda jirani katika hema la wagonjwa wa kipindupindu, hapa Kalemie, kando ya ziwa. Mimi nilitiwa chupa nyingi kiasi kwamba ungenifinya mguu ungepata maji ya kunawa.

Usinicheke. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, diploma iko ukutani, na mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji. Mzee wa reli na mwalimu wakisema kitu kimoja, mimi ni nani wa kubisha?

Isitoshe, ushahidi nilikuwa nao. Tangu nitoke katika hema lile, upepo ukivuma tu, moyo unanipiga kama injini ya boti, jasho linanitoka hata kwenye kucha, na ninajikuta nimeshika tumbo nikitafuta mlango. Basi kila asubuhi, kabla ya chai, nilishuka ufukweni kumuuliza mvuvi mmoja habari za afya yangu.

"Papa, leo uko muzima," aliniambia huku akitazama maji. "Lakini baada ya saa sita utagonjwa kidogo."

Siku moja ziwa lilitulia kama uji uliopoa, lakini mimi nikatetemeka sokoni, muuza vitenge alipokuwa akikung'uta turubai lake. Mvuvi akafikiri. "Pengine wewe ulitiwa maji ya ng'ambo, upande wa Kigoma," akasema. Nikaridhika kabisa.

Ubaya ni kwamba kijana wangu alikuwa amepata mchumba Mpala, na wazazi wa binti walitaka baba mtu afike mwenyewe kuomba. Mpala ni safari ya boti. Niliahirisha mara tatu. Mara ya kwanza nilisema ziwa limenuna. Ya pili, linataka kununa. Ya tatu nikasema limetulia mno, linaficha jambo.

Mke wangu akachoka. "Wale watu wanasema unajivuna. Usipofika Jumapili hii, binti wanamupa yule mwalimu wa Moba."

"Lakini ziwa..."

"Ziwa halioi. Mutoto wako njo mwenye anaoa."

Kijana alikuwa akinipigia pasi shati la safari. Shati lile ndilo lililonishinda.

Jumamosi tukapanda, mimi na mke wangu. Maji yalikuwa yamelala. Safari ilipovuka nusu, kaupepo kadogo kakapita, na turubai lililofunika mizigo likaanza kupiga: pa, pa, pa. Nikasimama nikamwamuru kapiteni arudi, ziwa linakuja kutumaliza wote, ninalisikia toka ndani. Abiria wakatazama maji, kisha wakanitazama mimi. Mama mmoja akatoa rozari. Mwingine akauliza nimekunywa nini asubuhi hii.

Mwanamke aliyeketi nyuma yangu akanishika kiwiko. "Papa, si njo wewe ulilala karibu na mulango, kule kwenye hema?" Alikuwa muuguzi wetu, akienda kwao Mpala kupumzika. Nikamweleza yote: chupa, damu, mvuvi, hata Kigoma. Hakucheka, mke wangu alicheka kwa niaba yake. Muuguzi akamwomba kapiteni akunje turubai. Kapiteni akalalamikia mifuko yake ya unga, akalikunja, akalikalia.

Moyo wangu ukapunguza mwendo kama treni inayoingia stesheni. Upepo ulikuwa uleule, na ziwa lilelile. Mbele, kanisa la Mpala likaanza kuonekana, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba nitafika.

"Sasa hii damu yangu?" nikauliza.

"Damu yako ni damu, Papa. Serumu yote ulishaikojoa wiki ileile. Wakati ulikuwa karibu kufa, lile hema la turubai lilipiga pa, pa, usiku na mchana, na mwili wako ukisikia turubai unadhani ungali mule. Ni woga uliobaki. Unatibika. Nikirudi Kalemie, uje unione."