Pua ya Fundi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na sijawahi kumwona akikata kitambaa bila kubishana nacho kwanza. Amewashonea nusu ya mtaa, pini mdomoni, chaki sikioni. Pua yake ilikuwa pua ya ukoo wetu: pana, imetulia, haina wasiwasi na mtu. Bibi, mama yake, tangu macho yalipozima hututambua kwa kutupapasa uso. Akifika puani hucheka na kusema, "Huyu wetu."

Kisha kikamtoka shangazi kipele kando ya pua. Akakipaka mafuta, akasingizia miwani. Mwaka mzima! Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, naye akaniambia nikashone vifungo. Tulipofika hospitali kipele kilikuwa saratani ya ngozi, na kuiondoa kuliondoka na nusu ya pua.

Akahamishia cherehani chumba cha nyuma. Kwa mama yake, nyumba ya pili kutoka kona, hakukanyaga tena.

"Akinipapasa atakuta shimo," alisema. "Nitaenda nikiwa na pua."

Sisi tukabaki kumdanganya bibi kwamba kazi zimemzidi.

Daktari wa kumtengenezea pua alikuwa mwanamke mpole mwenye vidole vifupi. Alimweleza kwamba kazi hiyo ni ya kale. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, huko Bara Hindi, waliokatwa pua walitengenezewa nyingine: tabibu alipima kwa jani, akachukua ngozi ya shavuni. Baadaye wengine wakaanza kuichukua kwenye paji la uso, na ndivyo yeye angefanya. Badala ya jani alitumia karatasi laini ya pakiti ya nyuzi. Akaibandika juu ya kovu, akaikata.

Shangazi akainyakua. "Umekata sawasawa na kipimo?"

"Karibu sawa."

"Daktari, nguo ya hivyo mwenyewe haingii. Ongeza."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Ngozi nayo hujikunja, mama. Nimeshaongeza. Pima mwenyewe."

Akapima kweli, kwa utepe aliokuwa nao mkobani. Ndipo akakubali kulala kitandani.

Alitoka na kipande cha ngozi kilichoshuka kutoka kwenye paji hadi puani, mzizi wake ukiwa umeachwa katikati ya nyusi ili damu ipite mpaka pua izoee. Wiki tatu, kisha wangeukata. Shangazi aliuita mkonga. Kituko ni kwamba muuguzi akimsafisha pua, yeye alijikuna paji. Mishipa ya fahamu bado ilikuwa ya huko juu, daktari alisema.

Wiki ya tatu nikampelekea bibi uji. Hakuugusa.

"Shangazi yako amenisusa," akasema. "Miezi saba. Mwambie aje anitajie kosa langu, nimwombe radhi kabla sijafa."

Nilirudi mbio, hasira zimenijaa. Nikamkuta fundi wangu anapiga pasi kola.

"Mama yako anataka kukuomba radhi wewe!" nikamfokea. "Endelea kungoja upendeze!"

Akaweka pasi chini. Akajitanda kanga, akatoka mchana kweupe na mkonga wake, watu wakitazama. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Nilimnawisha bibi mikono kwa sabuni mara mbili. Shangazi akapiga magoti mbele ya kiti. Vidole vya bibi vikapita kidevuni, mashavuni, vikafika kwenye mkonga, vikasimama.

"Nini hiki?"

"Pua, mama. Ya zamani iliugua, wakaitoa. Hii wameikata kwenye paji. Keshokutwa wanaukata mzizi. Sikukususa. Niliona haya."

"Unionee haya mimi?" Bibi alikuwa analia. "Mimi niliyekupenga kamasi?"

Akanyoosha kidole kimoja, akakiweka juu ya pua mpya, polepole, kama anayejaribu pasi. Shangazi akafumba macho.

"Mama," akasema, "unanigusa puani, lakini nasikia kwenye paji. Pale pale ulipokuwa ukinishika nikiumwa."

Bibi hakuondoa kidole. Akakaa nacho pale kitambo, kichwa kikiwa upande, anasikiliza.

"Huna homa," akasema.