Askari wa Ndagala

Mnaniuliza kila siku habari ya ile sataranji, basi acha nieleze mara moja ili mnyamaze. Padri alileta ubao mmoja tu wa sataranji kwenye kilabu chetu cha makarani hapa Uvira. Mimi nikajigamba nitamshinda karani mmoja wa mji wa Sange. Nyumbani nikajizoeza kwa ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwani: hao ndio walikuwa askari, na kila niliyemkamata nilimla. Mitego ya mchezo ikaingia mkononi kweli! Mke wangu akalia, "Baba Riziki, mboga iko inaisha!"

Jumapili, mbele ya watu wote, karani wa Sange akaingia mtegoni. Nikamnyakua askari wake wa mti, nikangoja makofi. Jino likaniuma.

"Weye," akasema yule karani, "tema askari yangu."