Mboga Aliyoimwaga Mwalimu

Barua ilinifikia kazini, katika jiko la chuo ninachopikia kule Machakos, na niliisoma nikiwa bado na unga mikononi. Shule yangu ya msingi, ile iliyo karibu na reli pale Makindu, ilikuwa ikimuaga mwalimu wetu wa upishi aliyekuwa anastaafu. Jiko jipya la shule lingepewa jina lake. Mimi, kwa kuwa upishi ndio kazi yangu, niliombwa niende niwapikie wasichana mboga mbele ya wageni, wajionee. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Lakini nyuma ya barua walikuwa wamepiga chapa historia fupi ya mwalimu, na ndani yake waliandika kwamba ni yeye wa kwanza kuwafundisha wasichana wa Makindu kupika mboga za majani kwa dakika chache, bila kuziua.

Bila kuziua. Nilikaa juu ya gunia la viazi nikasoma tena. Wewe unaweza kuona ni neno la kawaida tu, halina mwenyewe. Ngoja nikwambie lilitoka kinywani mwa nani, kisha useme kama hasira zangu ni za bure.

Nililelewa na nyanya yangu mzaa mama, niliyemwita Susu, jinsi sisi Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Tulikaa ng'ambo ya reli. Susu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kila asubuhi kabla ya shule tulivuka reli kumpelekea maziwa mke wa fundi wa magari, Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye gereji kando ya barabara ya Mombasa. Mke wa fundi, watu wote walimwita Mama Gereji. Alikuwa mwembamba, mwenye msuko mrefu wa nywele uliofika kiunoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, cha kuokoteza, lakini hakuna siku tulishindwa kuelewana naye.

Nyuma ya gereji, kati ya magurudumu mabovu na mabati yenye kutu, alikuwa na bustani isiyozidi ukubwa wa vitanda viwili. Aliinywesha kwa maji aliyosuzia mchele na vyombo. Wewe kama unaijua Makindu, unajua jua lake na vumbi lake jekundu. Basi katikati ya ukavu ule kulikuwa na kijani ambacho macho yangu hayakuwa yamezoea: methi, dania, spinachi, na haradali yenye majani mapana yaliyokunjamana pembeni. Hiyo haradali yeye aliiita sarson. Susu, kwa ulimi wake, akaiita sasoni, na mpaka leo mimi naiita hivyo.

Sisi mboga tulizijua, usidhani. Kunde, mchicha, majani ya maboga, Susu alizichuma zote. Lakini tulizichemsha na magadi kwa muda mrefu mpaka zikawa laini kama uji, na yale maji meusi tukayamwaga. Siku moja tulifika na maziwa, Mama Gereji yuko jikoni, akamfanyia Susu ishara aingie. Akabandika karai juu ya makaa yaliyokolea. Mafuta kidogo. Yalipoanza kutoa moshi akatupia mbegu za jira, zikapasuka pasuka, nyumba nzima ikanukia. Kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, pilipili ya kijani. Kisha majani ya sasoni yakiwa bado na maji ya kuoshewa, rundo kubwa lililojaa karai, likalia shaaa, na kabla sijakohoa mara mbili rundo lote lilikuwa limenywea. Chumvi. Akaepua.

Susu alimshika mkono, akamwambia bado, hazijaiva. Mama Gereji akacheka.

"Mama, hapana ua mboga," akasema. "Mboga hapana iko na kosa."

Tulikula na chapati, tumechuchumaa pale pale. Majani yalikuwa na ukali mdogo uliopanda puani, na bado yalitafunika. Tulivuka reli kurudi. Ndipo Susu akasema kwamba maisha yake yote amekuwa akiua vitu ambavyo havikumkosea.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi. Asubuhi alipeleka maziwa, akang'oa magugu katika bustani ile, akarudi na fungu la majani. Saa hakuwa nayo, wala hakuijua. Alipima mapishi kwa ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, aliouimba polepole huku akigeuza mwiko. Ubeti ukiisha, karai inatoka motoni. Mimi nilikuwa na kazi ya kuponda kitunguu saumu juu ya jiwe, na vidole vyangu vilinuka hata darasani.

Halafu fundi akanyimwa leseni ya biashara kwa kuwa hakuwa raia. Miaka ile wengi walinyimwa. Sikuelewa leseni ni kitu gani. Nilichoelewa ni kwamba watu waliokuwa wakitengenezewa magari kwa mkopo, waliokunywa chai kwenye ile veranda, walikuwa wanasimama kando ya barabara wakisema afadhali waende kwao. Kwao wapi? Mwanamke yule alizaliwa Kibwezi. Siku ya kuondoka alimpa Susu mbegu za sasoni zilizofungwa katika kitambaa, akampa na karai lake. Walipanda treni ya kwenda Mombasa, ili kutoka huko wavuke bahari. Wiki haikuisha kabla watu hawajang'oa mabati, na milango, na bustani wakaikanyaga wakitafuta sijui nini. Niliyaona kwa macho yangu. Watu wazima, wengine wao wazee wa kanisa letu.

Susu alipanda zile mbegu nyuma ya nyumba yetu. Mwaka uliofuata mvua haikunyesha ya kutosha, na mimi ndiye niliyebeba maji kutoka chemchemi, mitungi miwili kila jioni, shingo ikiniuma, ili ile mistari mitatu ya sasoni isife. Ng'ombe alikauka maziwa. Shuleni watoto walikuja bila kula. Nilikuwa darasa la saba.

Ndipo tukaambiwa kwamba bibi mmoja kutoka shule ya bweni ya wasichana atakuja kuonja mapishi yetu, na msichana mmoja atakayempendeza atachukuliwa akasomeshwe bure. Kila mmoja alete chakula cha kwao. Susu aliamka kabla ya jua, akachuma majani yote yaliyokuwa shambani. Yote, hakubakisha. Alinipa karai, akanipa na jira iliyobaki, kiasi cha kujaza kiganja. Nilipika shuleni kwenye mafiga matatu chini ya jua, nikaimba ubeti wangu, nikaepua. Majani yaling'aa katika sahani.

Mwalimu wetu wa upishi alikuwa kijana bado, mwenye viatu vya visigino na sauti ya kukata. Alipita akiangalia sahani moja moja kabla mgeni hajafika. Kwangu akasimama. Akauliza hii ni nini. Nikamweleza. Akauliza nani amenifundisha kupika majani mabichi. Nikasema Susu, na Susu alifundishwa na Mama Gereji.

"Wahindi wameenda, na chakula chao kiende," akasema. "Hutaniaibisha kwa mgeni na majani ya mbuzi."

Akaichukua sahani akaimwaga chini, kwenye vumbi, akasukumia mchanga kwa kiatu. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wamejipanga kwenye ua wakinusa chakula chetu tangu asubuhi. Mmoja alichutama akaokota jani, akalipangusa kwenye kaptula yake, akalila.

Mgeni alipofika alinikuta nimesimama na sahani tupu. Akaniuliza kwa upole kama sikuleta kitu. Mwalimu akajibu kwa niaba yangu kwamba kwetu ni watu wa shida. Alichaguliwa msichana mwingine, na sina neno naye.

Sikutaka kumwambia Susu, lakini alinijua. Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani, akabeba karai, tukaenda shuleni pamoja. Nilidhani atapiga kelele, na nilitaka apige. Alimsalimia mwalimu vizuri, kwa heshima zote ambazo mzee hapaswi kumpa kijana. Kisha akasema:

"Mwalimu, hata ungempiga huyu mtoto nisingekuja. Watoto hupigwa. Lakini ulimwaga chakula mbele ya watoto wenye njaa. Hilo kwetu halina jina."

Mwalimu alisema yeye ana kazi. Susu akamwambia akipenda atamwonyesha inavyopikwa, kwa sababu huenda hakuelewa. Akamwonyesha kwa mikono tu, mikono mitupu juu ya karai tupu, kwa kuwa shambani hapakubaki jani: mafuta hapa, jira hapa, kitunguu saumu, na sasa majani, na sasa toa, usiue. Mwalimu alisimama mlangoni amekunja mikono. Mimi niliona aibu, na aibu ile mpaka leo sijajisamehe.

Muhula uliofuata, msichana wa darasa la sita aliniambia mwalimu amewafundisha kupika sukumawiki kwa karai, haraka haraka, na kitunguu saumu, na amewaambia mboga haiuawi. Nilikimbia nyumbani nikamwambia Susu. Alikuwa anachambua mtama. Akasema waache, si watoto wanakula? Kwake iliishia hapo. Kwangu ndipo ilipoanza. Nilimaliza darasa la saba, sikuwa na karo, nikaenda kuosha vyombo katika jiko la chuo. Niliosha miaka sita kabla sijakabidhiwa mwiko. Susu alifariki katika njaa ya themanini na nne, na mimi sikuwa karibu naye.

Kwa hiyo nilienda Makindu kwenye hiyo sherehe. Nilipitia Nairobi nikanunua haradali pale Ngara, wanakonunulia mboga Wahindi, nikaifunga katika gunia lililoloa maji. Kulikuwa na hema, viti vya kukodi, mchungaji, na mwalimu amekaa katikati amevaa shada la maua, nywele zimekuwa nyeupe. Aliponiona aliinuka akanikumbatia. Akawaambia wageni, "Huyu ni wangu. Mikono hii niliifundisha mimi."

Nilipika. Karai, mafuta, jira. Wasichana walisogea karibu. Nilipoepua nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma, kwamba mapishi haya hayakuletwa hapa na mwalimu. Nikawaambia yaliletwa na mke wa fundi, Mhindi aliyezaliwa Kibwezi akafukuzwa kwao, na Mkamba asiyejua kusoma aliyepeleka maziwa. Kisha nikamgeukia.

"Mwalimu, unakumbuka siku uliyoimwaga mboga yangu?"

Alinitazama.

"Mwanangu, watoto walikuwa wengi," akasema. "Sikumbuki."

Nilitafuta usoni pake uongo, nikaukosa. Angenitukana ningeshukuru. Mchungaji alichukua kipaza sauti akaomba wimbo. Mwalimu mkuu aliniongoza kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimeharibu siku ya mtu mzima. Mchungaji naye alinifuata akanikumbusha habari ya kusamehe saba mara sabini. Nilimwambia aombaye msamaha husamehewa, na mimi hapa sijaombwa. Kitambaa kilichofunika jina kilivutwa, watu wakapiga makofi. Jina la mwalimu liko juu ya mlango wa jiko lile hadi leo, herufi za rangi ya buluu.

Wasichana waliimaliza ile mboga. Nilipokuwa nakusanya vyombo vyangu mmoja wao, mrefu, mwenye sweta lililochanika kiwiko, akanisaidia kusugua karai. Akaniuliza huyo mama Mhindi alikuwa anaitwa nani.

"Mama Gereji," nikamwambia.

"Hiyo ni ya kazi ya mzee wake," akasema. "Jina lake?"

Sikuwa nalo.

Baadaye nilivuka barabara hadi ilipokuwa gereji. Malori ya Mombasa yanalala pale siku hizi, ardhi imelowa oili, huwezi kuotesha hata magugu. Ng'ambo ya reli, nyumba yetu imebaki shimo la choo na mkonge. Sasoni haipo Makindu nzima. Niliuliza sokoni, wakaniuliza ni dawa ya nini. Nilisimama pale nikiwa na hasira na mwalimu, hasira mbichi kama ya darasa la saba, na hata sasa ninapoandika haijapoa wala sitaki ipoe. Lakini nilikuwa nimekula chakula cha mkono wa mwanamke yule kila asubuhi kwa miaka mitatu. Nilimuuliza chumvi iwekwe lini, nilimuuliza mbona nywele zake ndefu hivyo, nilimuuliza treni inaishia wapi. Susu ndiye pekee ambaye angeweza kuniambia jina lake, na yeye pia sikuwahi kumuuliza.